Taya Halitafuni Peke Yake

Kabla ya stori, hebu tufanye jaribio dogo. Tafuta kitu kigumu kidogo: karanga, kipande cha muwa, hata ukoko wa ugali. Weka vidole viwili vya mkono wa kushoto kwenye panja, kisha kiganja cha kulia nyuma ya shingo, pale juu kabisa ambapo fuvu linaanzia. Sasa tafuna polepole. Panja linacheza, hilo ulilitarajia. Lakini tulia kidogo uone kinachoendelea huko nyuma. Kila ukifungua mdomo, kuna kitu kinakaza chini ya kiganja, na kichwa kinainuka kidogo sana. Ukifunga mdomo, kichwa kinarudi. Hufanya hivyo mamia ya mara kwa mlo mmoja, na hujawahi kukiamuru.

Mimi ni mtu wa Awendo, kaunti ya Migori, mji wa miwa na kiwanda cha sukari. Kwetu kutafuna ni kazi ya kila siku na mtoto hujifunza kumenya muwa kwa meno kabla ya kujifunza kufunga kamba za viatu. Nataka kuandika historia ya taya huku kwetu, Migori na Homa Bay, kipande cha nchi ambacho wazazi wetu walikijua kwa jina moja tu, South Nyanza. Sitanii. Kuna taya moja kutoka huku lililogombanisha maprofesa wa Uingereza. Kuna magego mawili yaliyoshangaza dunia mwaka 2023. Na kuna wazee waliong'olewa meno sita ya mbele wakiwa wazima kabisa. Nikizisoma stori hizi tatu pamoja, naona zote zinauliza jambo moja: taya linashikwa na nini?

Tuanze na jibu la siku hizi, kwa sababu si la zamani sana. Kwa karne nyingi vitabu vya tiba vilimkatakata mwanadamu kama muuza nyama: sura ya taya huku, sura ya shingo kule. Daktari wa meno akachukua taya, daktari wa mifupa akachukua shingo, kila mmoja akafunga mlango wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, wakiongozwa na Per-Olof Eriksson, waliamua kupima vyote viwili kwa wakati mmoja. Walirekodi mwendo wa taya na mwendo wa kichwa mtu akifungua na kufunga mdomo. Wakakuta kwamba taya likishuka, kichwa kinainuka nyuma. Taya likipanda, kichwa kinashuka. Mara nyingi kichwa hata kinatangulia, kama mtu anayejua wimbo unaelekea wapi. Walipowapa watu tonge kubwa zaidi, kichwa nacho kikasogea zaidi. Na mwaka 2006 kundi hilohilo lilichapisha matokeo ya kukifunga kichwa kisisogee: mdomo haukufunguka vizuri kama kawaida.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiria mlingoti wa mashua za tanga pale ziwani. Mlingoti hausimami kwa nguvu zake. Unasimama kwa sababu kamba za mbele na za nyuma zinavutana kwa kiasi, na ukikata moja tu, unaangukia upande wa pili. Kichwa chako ni hivyohivyo. Kina uzito wa kilo nne hadi tano na kimekaa juu ya uti mwembamba.

Ya kufunga mdomo ni misuli yenye nguvu: mmoja umejaa shavuni, mwingine umetandaza kama feni kwenye panja, na mingine imejificha ndani ya taya. Misuli ya kufungua ni myembamba zaidi, na mingi yake imeshikizwa kwenye kijifupa cha umbo la kiatu cha farasi juu ya kikoromeo. Kijifupa hicho hakina kiungo na mfupa mwingine wowote. Kinaning'inia tu kwenye nyama. Ili kivute taya chini, lazima misuli iliyo chini yake ikishike kisipande. Na mvutano wote huo wa mbele ungekiinamisha kichwa kila ukifungua mdomo, kama mtu anayesinzia kwenye matatu, kama misuli ya nyuma ya shingo isingekizuia. Kwa hiyo inakaza, na inakaza kwa wakati. Neva ya tano ya kichwa, inayobeba hisia za uso na meno, ina nyuzi zinazoshuka mpaka sehemu ya juu ya uti wa shingo, na hapo zinakutana na neva za shingo yenyewe. Hawa ni majirani wanaochota maji kisima kimoja.

Sasa shika hiyo picha ya kamba na mlingoti, twende Kanam.

Kanam iko Homa Bay, chini ya mlima Homa, karibu na Ghuba ya Winam. Tarehe 29 Machi 1932, mfanyakazi mmoja wa msafara wa Louis Leakey, jina lake Juma Gitau, alitoa kwenye udongo mgumu kipande cha mbele cha taya la chini, kikiwa na meno machache. Leakey alikuwa na miaka 28, mzaliwa wa Kabete, na alikuwa na haraka. Udongo wa pale ulikuwa na mabaki ya Deinotherium, mnyama mkubwa wa ukoo wa tembo aliyekwisha kutoweka. Hesabu yake ikawa rahisi: taya limetoka kwenye udongo wa kale mno, na lina kidevu kama cha mtu wa leo, basi binadamu wa kisasa ni wa kale mno. Akalipa jina lake mwenyewe, Homo kanamensis. Mwaka 1933 wataalamu walikutana Cambridge, wakakubali kwamba ugunduzi wake una uzito.

Kisha Januari 1935 akaja Percy Boswell, profesa wa jiolojia kutoka London, kutaka kuonyeshwa mahali penyewe. Hapakuonekana. Vigingi vya chuma ambavyo Leakey alivisimika kama alama vilikuwa vimeng'olewa. Chuma ni chuma, na wenyeji walikuwa na matumizi nacho. Picha iliyodaiwa kuwa ya mahali hapo ilikuwa ya mahali pengine. Machi 1935 Boswell aliandika barua kwenye jarida la Nature, na jina la Leakey likachafuka kwa miaka.

Stori hii husimuliwa kama somo la kuweka kumbukumbu, na ni somo kweli. Lakini mimi kinachonishika ni kidevu. Waliokichunguza miaka ile ya 1930 waliona uvimbe wa mfupa upande wa ndani, wakasema ni saratani. Mwaka 1960 Phillip Tobias wa Afrika Kusini alilichunguza taya upya, akaona labda ni mfupa uliowahi kuvunjika na kuota vibaya. Kwa vyovyote vile, kidevu kile hakikuwa kidevu kizima. Umbo lililobeba nadharia nzima ya Leakey lilikuwa limebadilishwa na ugonjwa au ajali, na leo taya hilo huhesabiwa kuwa la baadaye sana kuliko alivyodhani.

Kwa hiyo kulikuwa na mtu. Aliishi kando ya ziwa letu, na sehemu ya mbele ya taya lake ilikuwa na donge. Katika ugomvi ule wote, swali lilikuwa ana umri gani na aitwe nani. Mimi nauliza: huyu mtu alikuwa anakulaje? Ukiumwa jino la kushoto tu, unahamishia chakula kulia, na kichwa kinalala upande huo bila wewe kukusudia. Yeye alikuwa na donge kidevuni, mahali ambapo misuli ya kufungua mdomo imejishikiza. Naamini shingo yake ilikuwa na kazi mara mbili. Lakini London lilifika taya peke yake, bila fuvu, bila pingili hata moja ya shingo. Hapakuwa na kamba, ulikuwepo mlingoti tu, tena kipande chake.

Peninsula hiyohiyo ya Homa ilirudi kwenye habari Februari 2023. Safari hii watafiti hawakuleta kipande kimoja. Mahali panaitwa Nyayanga, ufukweni, na kazi iliongozwa na Thomas Plummer wa New York pamoja na wenzake wa Smithsonian na wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Walipata zana za mawe 330, mifupa ya wanyama 1,776, na kati ya hiyo, mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Umri wake ni kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Na pamoja na zana hizo, magego mawili ya Paranthropus.

Paranthropus alikuwa ndugu wa mbali wa ukoo wetu, na alikuwa bingwa wa kutafuna. Magego yake ni mapana kupita yetu, mifupa ya mashavu imetanuka kuipisha misuli, na madume walikuwa na ukingo wa mfupa utosini, kama mshono uliovimba, wa kushikizia misuli ya panja. Ukitaka kuona wazo hilo kwa mnyama aliye hai, mtazame sokwe mkubwa wa milima ya Virunga, dume lake. Ukingo wa utosini unarudi nyuma mpaka unaungana na ukingo wa kisogo, ambako misuli ya shingo imejishikiza. Misuli ya taya na misuli ya shingo imegawana ukuta mmoja, huyu upande huu, yule upande ule, kama vyumba vya ploti. Taya zito linahitaji shingo nzito. Mifupa ilikuwa imeandika hivyo muda mrefu kabla ya vipimo vya Umeå.

Hakuna anayeweza kuapa kwamba mwenye magego yale ndiye aliyeshika yale mawe. Lakini aliyeyashika, yeyote yule, alipunguzia taya lake mzigo. Mwaka 2016 Katherine Zink na Daniel Lieberman wa Harvard walichapisha jaribio nililolipenda sana: waliwapa watu nyama mbichi ya mbuzi na mizizi ya kuliwa, wakahesabu wanavyotafuna. Nyama mbichi nzima haikatiki kwa meno yetu. Unaitafuna inageuka kama mpira wa kutafuna. Ila ikikatwa vipande kwanza, mambo yanabadilika. Walikadiria kwamba mlo wenye theluthi moja ya nyama iliyokatwa, pamoja na mizizi iliyopondwa kwa mawe, ungepunguza idadi ya kutafuna kwa asilimia 17 na nguvu inayotumika kwa asilimia 26. Haya yote kabla ya moto wa kupikia. Jiwe la Nyayanga lilikuwa jino la nje.

Niruke sasa miaka milioni kadhaa, nifike kwa dani, nyanya yangu, ambaye hakuwa na meno ya mbele ya chini.

Hakuyapoteza kwa uzee. Aling'olewa akiwa msichana, sita kwa mpigo: manne ya kukatia na mawili ya chonge. Waluo waliita nak, na Wanuer na Wadinka, ndugu zetu wa Sudan Kusini, wana desturi kama hiyo. Ilikuwa alama ya kukua na ya kujulikana wewe ni wa wapi. Wamisionari na shule viliipunguza taratibu. Waadventista, kwa mfano, walifungua misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Kizazi cha baba yangu kina meno yote, au angalau kilikuwa nayo kabla ya soda.

Nilikuwa nikimtazama dani akila muwa. Bila meno ya kukatia, hawezi kuuma kwa mbele. Alimenya kwa kisu, akaweka kipande kati ya magego ya kando, akafunga, halafu mkono ukatulia na kichwa ndicho kikageuka. Shingo yake ilivuta. Nilipomuuliza kwa nini waling'oa meno mazima, alinipa jibu ambalo utalisikia kote Nyanza: "Nyakwara, mtu akishikwa na ule ugonjwa wa kufunga mdomo, atanyweshwa uji wapi?" Akaonyesha pengo kwa kidole.

Desturi kubwa haina sababu moja, na sisemi hiyo ndiyo iliyoianzisha. Lakini ugonjwa wenyewe ni wa kweli. Ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa udongoni na kwenye samadi, huingia kwa jeraha, na sumu yake husafiri ndani ya neva. Kitasato Shibasaburo alifaulu kukiotesha kijidudu hicho peke yake mwaka 1889, na chanjo ilikuja karne iliyofuata. Kabla ya hapo, pengo la meno sita halikuwa mzaha.

Na hapa ndipo pepopunda inatufundisha kutafuna ni nini. Kwa kawaida msuli mmoja ukivuta, mwenzake anaambiwa alegee. Uti wa mgongo unapeleka ujumbe wa "wewe ngoja". Sumu ya pepopunda inauzima ujumbe huo. Msuli haupati nguvu mpya. Unachopoteza ni adabu ya kupokezana zamu. Misuli yote inavuta kwa pamoja, na mwenye nguvu ndiye anayeshinda. Kwenye taya, wa kufunga ndio wenye nguvu, kwa hiyo mdomo unafunga. Kwenye shingo, wa nyuma ndio wenye nguvu, kwa hiyo kichwa kinavutwa nyuma. Dalili ya kwanza mara nyingi ni taya kukaza, na shingo haichelewi kufuata. Wazee wetu hawakuwa na darubini, lakini walimwona mgonjwa mzima. Walijua mdomo ukifunga, kinachofuata ni shingo, na walijua njaa ingemuua hata kama ugonjwa ungemwachia.

Basi kama mambo haya yalionekana zamani hivyo, mbona bado tunapeleka taya dirisha moja na shingo dirisha lingine?

Nina binamu anayeendesha boda kati ya Rongo na Awendo. Miaka michache iliyopita aligongwa kutoka nyuma. Hakuvunjika. Walimpiga picha ya eksirei, wakamfunga kola ya shingo, akaambiwa ana bahati. Miezi mitatu baadaye alikuwa amekonda mpaka jamaa wakaanza kunong'ona. Sahani inaletwa, anakula nusu, anaisukuma. Mama yake alimwambia, "Nyathina, kula, nimekupikia mwenyewe." Akajibu, "Mama, sina shida na chakula. Nimechoka mdomo." Tukacheka, manze. Nani anachoka mdomo?

Alienda kwa daktari wa meno, akaambiwa meno yako safi kuliko yangu. Akarudi walikomfunga kola, akaambiwa shingo imepona, mengine ni mawazo. Kumbe wale watafiti wa Umeå walishalitazama hili pia. Waliwapima watu walioumia shingo kwa kutikiswa ghafla kwenye ajali, wakakuta kwamba wengi wao wanachoka na kuumwa wakitafuna, na kwamba ule mwendo wa kichwa na taya kwenda pamoja umevurugika. Meno mazima, taya zima, ila kamba ya nyuma imelegea.

Aliyemsaidia ni dada mmoja wa tiba ya viungo. Hakuwa na mashine. Alimwambia afungue mdomo taratibu mbele ya kioo, akamshika kisogo, kisha akamuuliza, "Ukila nyama inakuwaje? Unakulaje?" Ni lile swali ambalo nimekuwa nikimuulizia mtu wa Kanam. Likachukua dakika moja, na likafuatiwa na wiki nyingi za mazoezi ya shingo, na tonge ndogo, na uvumilivu wa mama.

Taya la Kanam bado liko London, kwenye Natural History Museum. Mtu wake hana shingo na hatuwezi kumpa. Lakini barabara ya Migori inazalisha shingo zilizotikiswa kila wiki, na wenye shingo hizo wako hai, wako mezani, wanasukuma sahani wakiambiwa wanadeka. Ukiwa na mmoja nyumbani kwenu, usimuulize tu kama shingo bado inauma. Mtazame akila.

Binamu yangu alirudi barabarani. Juzi tulikula aliya kwao, ile nyama iliyokaushwa juani, ngumu kama kiatu. Kabla ya kuuma aliinua kichwa kidogo, akafungua mdomo, akauma, kichwa kikashuka. Sote pale mezani tulikuwa tukifanya vilevile. Yeye tu ndiye aliyekuwa akijua.